Sentensi Isiyokoma: Historia ya Nukta na Kipumuo Machakos

Hebu tuanze na sentensi yenyewe. "My father went to the market, he bought a goat, he tied it with a rope, the goat cut the rope, it ran away." Sentensi za namna hii hujaa katika insha za Kiingereza kutoka Kangundo hadi Masinga, kutoka Mwala hadi Machakos mjini, na hatima yake inajulikana: kalamu nyekundu hupita chini yake, na pembeni huandikwa kwamba sentensi ni ndefu mno. Lakini urefu si kosa lake. Kiingereza kina sentensi halali zenye maneno mia moja na zaidi. Kosa ni kwamba humo ndani mna vishazi huru vitano, kila kimoja na mtenda wake na kitenzi chake, kila kimoja kikiweza kusimama peke yake, na vyote vimeshikizwa kwa koma nne ambazo katika sarufi ya Kiingereza hazina nguvu ya kubeba mzigo huo. Hiyo ndiyo ninayoiita sentensi isiyokoma. Ina ndugu yake ambaye hata koma hana: "The rain failed the maize dried." Ina maneno sita tu, nayo haikomi vilevile. Sasa isimulie ile ya kwanza kwa Kiswahili. Baba alikwenda sokoni, akanunua mbuzi, akamfunga kwa kamba, mbuzi akaikata kamba, akakimbia. Hakuna mwalimu wa Kiswahili atakayeigusa. Ni sentensi safi, ina mwendo, na msikilizaji anajua kila tendo limefuata lipi.

Tofauti ya sentensi hizo mbili imo katika silabi moja. Kiambishi -ka- kinamwambia msikilizaji kwamba tendo hili limezaliwa na lile lililotangulia, kwamba mnyororo bado haujakatika. Kiunganishi kimekaa ndani ya kitenzi. Kikamba nacho ni jamaa ya Kiswahili katika jambo hili: msimulizi hahitaji kusema "na halafu" kila mara, kwa maana umbo la kitenzi chenyewe linaonyesha kwamba kisa kinaendelea. Kiingereza hakina umbo kama hilo. "He bought" ni "alinunua", wala haijawahi kuwa "akanunua". Kwa hiyo kazi ambayo sisi tumeipa silabi, Kiingereza kimeigawa kati ya viunganishi na alama za karatasini. Mtoto anayeandika "he bought, he tied, the goat cut" hajakosa mantiki. Amefikiri kwa mpangilio kamili, kisha akavuka kwenda lugha nyingine bila kuambiwa kwamba kile kilichokuwa kikiunga hakikuvuka naye. Nadai kwamba kutoambiwa huko kuna historia. Kulianza zamani, kulipitia misheni, afisi za wilaya, vitabu vya kiada na vyumba vya mitihani, na Machakos ni mahali pazuri pa kukufuatilia kwa sababu maandishi yalifika hapa mapema kuliko sehemu nyingi za bara la Kenya.

Mwaka 1850, mjini Tübingen huko Ujerumani, ilichapwa Injili ya Marko kwa Kikamba, kazi ya Johann Ludwig Krapf, mmishenari aliyekuwa akikaa Rabai na ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amefika Kitui. Ni mojawapo ya maandishi ya kwanza kabisa kupigwa chapa kwa lugha hiyo. Wachache huangalia ni injili gani aliyoichagua. Katika Kigiriki chake cha asili, Marko anajulikana kwa wataalamu kwa tabia moja kubwa kuliko zote: anaunga. Sentensi baada ya sentensi huanza kwa neno dogo la Kigiriki lenye maana ya "na", kai, kana kwamba msimulizi anaogopa kuvuta pumzi kisa kikamponyoka. Nakala za kale za kitabu hicho ziliandikwa kwa herufi zilizofuatana bila nafasi kati ya neno na neno, na karibu bila alama yoyote. Watafsiri wa Kiingereza wa mwaka 1611 walizibakiza hizo "na" nyingi, sentensi zikianza kwa "And" ukurasa mzima. Basi hata maandishi ya Kiingereza yaliyoheshimiwa kuliko yote katika vituo vya misheni, yale ambayo mwalimu wa misheni aliyajua kwa moyo, yalikuwa yakitembea kwa mwendo wa masimulizi ya mdomo.

Watu wa Africa Inland Mission wakiongozwa na Peter Cameron Scott walifungua kituo chao cha kwanza Nzaui mwaka 1895, sehemu ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos kabla Makueni haijatengwa mwaka 1992. Scott alifariki mwaka uliofuata, lakini kazi ikaendelea na kuenea katika vilima vya Ukambani. Agano Jipya kwa Kikamba likatoka mwaka 1920, Biblia nzima mwaka 1956. Katika shule za misheni kusoma kulikuwa ni kusoma kwa sauti. Mwanafunzi alisimama, akashika kitabu kwa mikono miwili, akasoma mstari, akanyamaza, akasoma mwingine. Alama zilikuwa maelekezo ya mwili: hapa pumua kidogo, hapa pumua sana. Kwa kazi hiyo sheria ya pumzi ilitosha kabisa. Mtu anayesoma maandishi ya mwingine anahitaji kujua pa kunyamaza. Anayeandika ya kwake anahitaji kujua jambo jingine kabisa, yaani pale ambapo kishazi kimoja kimekwisha na kingine kimeanza. Shule ilifundisha la kwanza, ikaamini limeleta na la pili.

Si haki kuwalaumu wamishenari kwa sheria hiyo, kwa maana hawakuitunga. Aristophanes wa Byzantium, mkuu wa maktaba ya Alexandria yapata miaka 200 kabla ya Kristo, aliweka vitone vitatu katika maandishi ya Kigiriki, kimoja juu, kimoja katikati, kimoja chini, ili msomaji ajue apumzike kwa muda gani. Nukta ni zao la kazi iliyofanyika kwenye ardhi ya Afrika, na ilizaliwa kama alama ya pumzi. Miaka 2000 baadaye Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia York, alitoa mwaka 1795 kitabu cha sarufi ya Kiingereza ambacho kilichapwa tena na tena na kuenea kote kilikofika Kiingereza. Murray bado alipima alama kwa muda: nuktamkato ni kimya mara mbili ya koma, nuktapacha mara mbili ya nuktamkato, nukta mara mbili ya nuktapacha. Ni hesabu ya wimbo. Katika karne ya 19 wachapaji na wanasarufi wa Uingereza walizidi kuegemea upande mwingine, ule wa kuuliza alama inatenganisha nini na nini katika muundo wa sentensi, na kufikia mwaka 1906, ndugu wawili wa ukoo wa Fowler walipotoa kitabu chao cha matumizi ya Kiingereza, mambo ya alama yalijadiliwa hasa kama mambo ya muundo. Kwa hiyo Machakos ilipokea sheria mbili kwa mkupuo mmoja. Darasani ilikuja ile kongwe ya pumzi, na kwenye chumba cha kusahihishia mtihani ikaja ile mpya ya muundo, wala hakuna aliyemwambia mtoto kwamba ni sheria mbili.

Msamiati wetu wenyewe umeuhifadhi mgongano huo. Alama ile ndogo yenye mkia ina majina matatu katika vitabu vya Kiswahili vya Kenya. Wengine huiita kipumuo, na hapo Aristophanes anasikika waziwazi: ni mahali pa kupumua. Wengine huiita mkato, na bila kukusudia wamegusa maana ya asili ya neno la Kigiriki komma, kipande kilichokatwa; huyo anazungumza lugha ya muundo. Wengi husema koma tu, na hilo ndilo jina lenye hatari, kwa sababu Kiswahili kina kitenzi koma, kuacha, kufika mwisho, kitenzi ambacho mzazi humkemea nacho mtoto mtundu. Alama inayokoma hasa ni ile nyingine, kikomo, jina lililotokana na kitenzi hichohicho, ambayo pia huitwa nukta kwa neno la Kiarabu. Mtoto anafundishwa kwamba koma haikomi ila kikomo hukoma. Sisemi kwamba majina peke yake yamezaa kosa, lakini ni nadra kupata somo ambalo istilahi yake inamvuta mwanafunzi upande usiofaa kwa nguvu kiasi hicho, na mwalimu anayeanza somo la uakifishaji bila kulitaja jambo hilo anajenga juu ya udongo usioshindiliwa.

Nje ya misheni kulikuwa na Kiingereza cha aina nyingine. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilianzisha kituo Machakos mwaka 1889, mahali palipobeba jina la kiongozi Masaku kwa matamshi ya wageni, na kuanzia mwaka 1892 John Ainsworth alikiongoza hadi alipohamia Nairobi mwaka 1899, reli ilipoipita Machakos na kuiacha kando. Kituo cha utawala huishi kwa karatasi: barua, hesabu za kodi, ripoti. Lakini kalamu ya Kiingereza ilishikwa na wachache. Shule ya serikali ya Machakos ilianza mwaka 1915, wakati ambapo elimu ya Mwafrika ilielekezwa zaidi kwenye useremala, uashi na kilimo, na Tume ya Phelps-Stokes iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 iliutia nguvu mtazamo huo. Ufundi haukuwa na aibu yoyote, lakini maana yake ni kwamba kwa miongo kadhaa Mkamba wa kawaida alikutana na sentensi ya Kiingereza kama kitu cha kupelekwa kwa mwenye kukijua. Mwaka 1938 hilo lilionekana kwa uchungu. Serikali ilipoanza kuwanyang'anya watu ng'ombe kwa kisingizio cha kupunguza mifugo, watu wa Ukambani walijiunga katika Ukamba Members Association, maelfu wakatembea hadi Nairobi wakakaa huko kwa wiki kadhaa, na pamoja na miguu yao walitumia maombi ya maandishi kwa wakubwa wa koloni. Muindi Mbingu, kiongozi wao, alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Amri ya kuuza mifugo kwa nguvu ilirudishwa nyuma. Katika kisa hicho Kiingereza kilichoandikwa kilikuwa silaha ya jamii nzima, iliyoshikwa na mikono ya watu wachache mno, na nafikiri tangu wakati ule heshima ya kuandika Kiingereza sawasawa Machakos ilipata uzito ambao mtihani peke yake usingeweza kuupa.

Baada ya uhuru mlango ulifunguka kwa haraka. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na mbinu mpya iliyokuwa imeanzishwa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, iliyoitwa New Primary Approach, ikaenezwa nchini kwa kasi. Ilikuwa mbinu ya mdomo na ya mifano. Mwalimu alitoa sentensi kamili, darasa likairudia, kisha neno moja likabadilishwa na lingine: huyu ni mvulana, huyu ni msichana, huyu ni mwalimu. Mbinu hiyo ilileta ufasaha wa kusema ambao vizazi vilivyotangulia havikuwa nao, na anayeidharau leo hajui ilikotoka. Lakini sentensi ya mfano humfikia mtoto ikiwa imekwisha kukatwa. Yeye hubadilisha tofali moja ukutani. Hajawahi kuulizwa ukuta uishie wapi. Kisha akipanda madarasa anakutana na zoezi lililojaa vitabu vya Kiingereza vya Kenya, lile la kuziunga sentensi mbili ziwe moja kwa kutumia neno alilopewa. Nimetafakari sana zoezi hilo. Linafundisha kuunga, na alama hutolewa kwa kuunga. Zoezi la kinyume chake, la kumpa mtoto sentensi iliyoshonwa ovyo aitenganishe, lilikuwa nadra kwa kulinganisha. Ukimfundisha mtu sindano kwa miaka minane bila kumpa mkasi, usishangae kwamba nguo haina pindo.

Mitihani nayo ilitia mkono wake. Katika miaka ya 1970 mtihani wa kumaliza shule ya msingi, CPE, ulikuwa wa kuchagua jibu, kwa hiyo mtoto aliweza kufaulu Kiingereza bila kuandika sentensi hata moja ya kwake. KCPE ulipochukua nafasi yake mwaka 1985 pamoja na mfumo wa 8-4-4, insha ilipewa nafasi: dakika 40, karatasi yenye mistari, na kisa cha kubuni au cha kukamilisha. Uamuzi huo ulikuwa mwema. Lakini ulifika kwenye madarasa yaliyofurika tangu karo ya madarasa ya chini ilipofutwa mwaka 1974, na yakafurika tena mwaka 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure. Mwalimu mwenye madaftari 60 mezani hawezi kukaa na kila koma. Anasoma kwa kasi, anatafuta kisa na msamiati, anapigia mstari panapouma zaidi. Ndipo ukazuka utamaduni unaofahamika na kila aliyepita shule za Kenya, wa kukariri mafungu ya maneno mazuri, jua lilivyochomoza, moyo ulivyodunda, jasho lilivyotiririka, na kuyapanga moja baada ya jingine. Kila fungu lilikuja na kitenzi chake. Yakipangwa kwa koma, yanazaa sentensi isiyokoma iliyopambwa, ambayo ni ngumu zaidi kuiponya kuliko ile ya mbuzi, kwa sababu mwandishi wake anaionea fahari.

Kuna maelezo mengine ya kosa hili ambayo ni mepesi, na kwa kuwa ndiyo yaliyotawala, yanastahili jibu. Yanasema: hiyo ni lugha ya mama inayoingilia Kiingereza; mkataze mtoto Kikamba, kosa litakufa. Kwa imani hiyo ilizuka ile disk, kipande cha mbao au mfupa alichovishwa aliyeteleza akasema Kikamba, akakaa nacho hadi amkamate mwenzake, na jioni fimbo ikamsubiri wa mwisho. Kwanza, hoja hiyo inapingwa na Waingereza na Wamarekani wenyewe. Watoto wao, wasiojua Kibantu hata neno moja, huandika sentensi zisizokoma kila siku, na vitabu vya uandishi vya vyuo vya Marekani vimelitengea kosa hilo sura nzima. Chanzo chake kikuu ni kwamba usemi wa binadamu hauna nukta, wala si Kikamba wala Kiswahili. Mtu atauliza basi kama -ka- niliyoieleza ina kazi gani. Kazi yake ni kuonyesha kosa la kwetu linapoishi: katika kisa, pale matendo yanapofuatana, mahali hasa ambapo sarufi yetu ina kiungo na ya Kiingereza ina pengo. Na hapo ndipo ubaya wa disk ulipo, ukiacha ukatili wake. Haikuweza kuiondoa -ka- akilini mwa mtoto. Kilichoondolewa darasani ni ulinganisho, yaani nafasi ya mwalimu kusema kwa Kikamba au Kiswahili: tazama, hapa sisi tunaunga hivi, wao wanaunga vile. Dawa ilipigwa marufuku pamoja na ugonjwa uliodhaniwa.

Ulinganisho huo si nadharia. Chukua karatasi ya makubaliano kati ya majirani wawili, imeandikwa hivi: "I sold the bull to my neighbour last year he sold me the plot." Mwaka jana liliuzwa lipi, fahali au kiwanja? Karatasi haisemi. Maneno "last year" yamekaa katikati kama mtu aliyesimama mpakani, mguu mmoja huku na mwingine kule. Yaandike kwa Kiswahili bila alama yoyote: nilimuuzia jirani fahali mwaka jana akaniuzia kiwanja. Shaka imepungua mno, maana "akaniuzia" inafungua tendo jipya na kuyaacha maneno "mwaka jana" upande wa fahali. Silabi imefanya kazi ya nukta. Katika Kiingereza lazima nukta yenyewe ije, ama kabla ya "last year" ama baada yake, na mahali itakapowekwa patabadilisha tarehe ya mauzo ya ardhi. Katika nchi ya mashamba yaliyogawanywa kati ya ndugu, ya mihtasari ya vyama na viapo vya mahakamani, hilo si jambo la kupendeza macho tu.

Kulitambua kosa, basi, hakuhitaji sikio, na hapa ndipo sheria ya pumzi inapaswa kuwekwa kando kwa upole. Tafuta vitenzi vyenye wakati, tafuta mtenda wa kila kimoja, kisha uliza kati ya jozi hii na ile kuna nini. Kukiwa hakuna kitu, au kuna koma tu, sentensi haijakoma. Njia za kuitengeneza si nyingi: weka nukta na herufi kubwa, au bakiza koma uongeze kiunganishi kama "and", "but" au "so", au tumia nuktamkato pale mawazo mawili yanaposhikana sana, au shusha kishazi kimoja kiwe tegemezi kwa kingine kwa neno kama "because" au "when". Njia hiyo ya mwisho ndiyo bora mara nyingi, kwa sababu inamlazimisha mwandishi aamue lipi ni kuu na lipi ni mtumishi wake. Kuna mtego mmoja ambao hata walimu huanguka ndani yake. "Kwa hiyo" na "hata hivyo" za Kiswahili huja baada ya koma bila ugomvi. "Therefore" na "however" hufanana nazo kwa maana, lakini katika sarufi ya Kiingereza ni vielezi, havina ruhusa ya kuunga. "The bus was late, therefore we walked" ni sentensi isiyokoma iliyovaa suti. "The bus was late, so we walked" haina kosa. Na "then", ambayo mtoto wetu huitumia kama kiraka cha -ka-, iko upande wa "therefore".

Wapo watakaosema waandishi wakubwa wa Kiingereza wanavunja sheria hii, na ni kweli. Maneno matatu mashuhuri ya Julius Caesar kuhusu kuja, kuona na kushinda huandikwa kwa Kiingereza na koma peke yake, wala hakuna anayeyasahihisha. Vishazi ni vifupi, vinalingana umbo, na mshindo wake ndio unaovifunga. Ukambani kwenyewe kumetoa mfano wa kufikirisha zaidi. David Maillu alipoanzisha Comb Books miaka ya 1970 na kuwafikia wasomaji ambao wachapishaji wengine hawakuwafikia, aliandika visa kama After 4.30 kwa mistari mifupi iliyokatwa kama shairi. Mwisho wa mstari ukipewa kazi ya kutenganisha, nukta inaweza kupumzika. Huyo si mtu aliyeisahau alama. Amempa mshahara wake mfanyakazi mwingine. Mwanafunzi anayeandika aya kamili hana mstari mfupi wa kumsaidia, na sentensi yake ikiteleza hakuna kitu kingine ukurasani cha kuidaka.

Wengine watauliza kwa nini tujisumbue na sheria za lugha iliyokuja na bunduki na kodi. Swali hilo lina heshima yake, na historia niliyoisimulia inalipa uzito. Lakini linachukulia kwamba kulegeza nukta ni kujikomboa. Walioteseka kwa Kiingereza kilichoandikwa vibaya Machakos ni wale ambao karatasi zao zilisomwa na mtu mwenye mamlaka asiyekuwa na haja ya kuwaelewa: mwombaji, mshtakiwa, mtahiniwa. Ripoti za Baraza la Mitihani kuhusu KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, zimelalamikia mara kwa mara miundo mibovu ya sentensi na alama zilizokosewa, na nyuma ya lalamiko kama hilo kuna watoto waliojua kisa chao mwanzo hadi mwisho.

Mtaala mpya ulioanza kuingia shuleni mwaka 2017 umeirudishia lugha ya mama nafasi katika miaka ya mwanzo ya masomo, na KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Disk imekosa mtetezi wa hadharani. Ulinganisho uliofukuzwa unaweza kurudi darasani, tena kwa gharama ya chaki tu. Ubao ugawanywe mara mbili. Kushoto kiandikwe kile kisa cha mbuzi kwa Kiswahili, au kwa Kikamba kama darasa zima linakijua, na kila silabi inayounga izungushiwe duara: akanunua, akamfunga, akaikata, akakimbia. Kulia kiandikwe kwa Kiingereza, na watoto waulizwe kila duara limekwenda wapi. La kwanza limekuwa "and". La pili limekuwa nukta, na "he" imepata herufi kubwa. La tatu limekuwa "but", kwa sababu mbuzi alifanya kinyume cha alichotaka baba. La nne limekuwa "and" tena. "My father went to the market and bought a goat. He tied it with a rope, but the goat cut the rope and ran away."